Profesa Fagio na Namba za Chaki

Chuoni pale wapo maprofesa wa kila aina. Yupo wa sheria, yupo wa wadudu, na yupo mmoja ambaye hakuna aliyewahi kujua anafundisha nini, na yeye mwenyewe hapendi kuulizwa. Lakini aliyejulikana na kila mtu, kuanzia wapishi wa kantini hadi mkuu wa chuo, alikuwa Profesa Fagio. Shahada hakuwa nayo. Alikuwa na fagio la mpini mrefu, ndoo ya bati, na miaka ishirini na minane ya kufagia ukumbi wa wazi ambao wanafunzi waliuita Bakuli.

Kuuita ukumbi ni heshima tu, kwa sababu hauna dari, hauna ukuta wala mlango. Ni safu kumi na saba za viti vya mawe zinazoshuka kwa nusu duara kwenye tumbo la kilima, mpaka kwenye jukwaa la mawe bapa. Waashi wa zamani waliyachonga mawe hayo kwa mkono, moja moja, kabla maktaba haijajengwa na kabla chuo hakijajua kuwa kinahitaji geti. Wahitimu wamepita hapo na majoho yao ya kuazima. Wagombea uongozi wa wanafunzi wamesimama hapo wakaahidi nyama kwenye maharage. Na aliyelichora Bakuli alikuwa fundi kweli, maana mtu akisimama katikati ya jukwaa akaongea kwa sauti ya kawaida, aliyeketi safu ya juu kabisa anamsikia kama vile wako meza moja.

Jambo hilo ndilo lililomharibu Profesa Fagio. Asubuhi zake nyingi alikuwa juu huko, anaanza kufagia kutokea safu ya kumi na saba kushuka, na watu wakija kunong'onezana jukwaani walikuwa wakitazama juu, wanaona mzee na fagio lake kwa mbali, wanaendelea. Aliwahi kumsikia mhadhiri akifanya mazoezi ya kumwomba mkewe radhi, mara nne, kila mara kosa likipungua. Aliwasikia wakuu wawili wa idara wakimlia njama wa tatu, na wiki iliyofuata akamsikia yule wa tatu akimlia njama mmoja wao akiwa na mwenzake. Mtu akisikiliza hayo kwa miaka ishirini na minane haamini tena hata salamu. Ndoo yake aliifunga kwa mnyororo na kufuli mbili, kwa sababu kufuli ya kwanza ofisi ilikuwa na nakala ya ufunguo wake.

Alichokiamini ni mawe. Aliyajua kwa fagio, kwa jinsi njiti zinavyokwama au kuteleza, na mengi aliyapa majina. Safu ya tano alikuwepo Mgonjwa, mwenye ufa. Safu ya sita walikuwepo Mapacha, na pembeni yao Mdomo, aliyemeguka ukingo tangu siku mwanafunzi wa uhandisi alipojaribu kushuka na pikipiki. Majina hayo hakumwambia mtu. Angemwambia nani, wakamcheke?

Siku moja ya Jumatatu tangazo likabandikwa ubaoni: ukarabati wa ukumbi wa wazi. Profesa Fagio akalisoma mara mbili.

Neno ukarabati alikuwa akilifahamu vizuri. Bwalo la zamani lilikarabatiwa, likageuka benki. Uwanja wa mpira ulikarabatiwa, sasa yanalala magari ya wakubwa, na magoli yamebaki yanatumika kufungia maturubai. Mpango ulikuwa mmoja kila mara: wanakuja watu na makaratasi, wanaandika namba, na ukirudi likizo unakuta shimo. Na chini ya lile tangazo palikuwa na mhuri mbichi kabisa. Ofisi ile haikuwahi kupiga mhuri kitu chenye nia njema ndani ya wiki moja.

Alipofika Bakuli akamkuta binti kapiga magoti safu ya tano, ana ubao wenye karatasi kubwa ya ramani, na mkononi kipande cha chaki. Kila jiwe analiandikia namba, kisha anaiandika na kwenye ramani.

"Shikamoo, mzee," binti akasema.

"Marahaba. Hizo namba za nini?"

"Za ukarabati. Tangazo liko ubaoni."

"Tangazo nimeliona. Nakuuliza namba."

Binti akacheka, cheko la mtu asiye na neno. "Ni ili kila jiwe lijulikane, mzee wangu."

"Mbona yanajulikana."

"Yanajulikana na nani?"

Profesa Fagio akaitazama ile chaki. Mtu hupewa namba akiingia jela au akilazwa hospitali, akawaza, na kote huko ndugu huanza kuaga. "Na kwa nini chaki? Kwa nini si rangi?"

"Jiwe la zamani halipakwi rangi. Linaharibika."

Jibu zuri mno. Lilimtia shaka kuliko yote.

Hajakaa sawa, akatokea mkurugenzi wa majengo, mtu wa tai na viatu visivyopenda vumbi. Kwa miaka tisa mkurugenzi huyo alikuwa akimpita Profesa Fagio kama anavyopita nguzo ya taa. Siku hiyo akasimama.

"Mzee wetu, habari za nyumbani? Mama hajambo?"

Mzee akaushika mpini wa fagio kwa mikono miwili. "Hajambo."

"Na mgongo? Kazi ya kuinama hii."

"Mgongo upo."

"Vizuri sana. Hivi umebakiza muda gani kustaafu?"

"Miaka miwili."

"Ah, miwili si mingi," mkurugenzi akasema, akamgusa bega, akaenda zake akipiga mluzi.

Hapo mzee akamaliza hesabu zote. Wanabomoa Bakuli, na yeye wanampaka mafuta kwa mgongo wa chupa ili asipige kelele. Akatazama zile safu zikishuka, akaona kabisa magari yamepangwa badala yake, na mlinzi kijana kwenye kibanda akimwuliza yeye, Profesa Fagio, ana shida gani hapo.

Kupiga kelele hakukusudia. Kufuta zile namba nako ni ujinga, wangeziandika upya. Lakini alikijua chuo. Alijua kwamba kosa dogo kwenye karatasi, hapo, ni jambo la miaka. Kuna mwaka ofisi iliandika nambari ya chumba vibaya, na mhadhiri mmoja akafundisha kwenye stoo ya meza mihula mitatu huku kamati ikitafuta nani wa kusaini marekebisho. Basi ikiwa namba za mawe hazitapatana na namba za ramani, kikao kitaitwa. Kikao kitaunda kamati. Kamati itaomba chai. Kufikia hapo yeye atakuwa kastaafu, na mkurugenzi atakuwa kahamishwa, na Bakuli liko pale pale.

Kwa hiyo Jumanne alfajiri, Jumatano na Alhamisi, kabla binti hajafika, Profesa Fagio alipiga magoti na kitambaa kibichi na kipande cha chaki alichookota. Ramani ilikuwa imekwisha kuandikwa, yeye akawa anahamisha namba za kwenye mawe tu. Hakuhamisha ovyo. Alizibadilisha ndani ya safu ile ile, ya kumi na nne akaipa jiwe la thelathini, ya tisa akaipa la ishirini na mbili, na mwandiko wa binti akauiga mpaka ule mkia wa saba. Safu tatu zilizoandikwa, ya tano, ya sita na ya saba, akazivuruga vizuri kabisa. Ilikuwa kazi safi, na aliona fahari nayo.

Mkewe ni fundi cherehani, na mtu anayepima viuno vya watu kutwa nzima hakosi kuona jambo. Jumatano jioni akalinyanyua shati la mumewe, akalipeleka dirishani.

"Baba watoto, hii nyeupe ni nini?"

"Vumbi."

"Vumbi la huko kwako ni la kijivu miaka yote. Limeanza lini kunawa uso?"

"Wanafanya kazi pale. Ni vumbi la kazi."

"Na kutoka nyumbani saa kumi na moja? Zamani ulikuwa unatoka saa kumi na mbili, tena kwa kusukumwa."

"Majani yamezidi."

"Majani." Mkewe akaunusa mkono wa lile shati. "Poda hii ya bei rahisi. Angalau ungenitafutia mwenzangu mwenye hadhi."

Mzee akijitetea itabidi aseme habari ya chaki. Akaona afadhali aonekane mzinzi kuliko mhujumu, angalau hiyo haina kifungo. Usiku huo alipakuliwa chakula kwa ukimya ambao ulikuwa na chumvi kuliko chakula.

Kosa lake lilikuwa moja. Alifikiri watu wote wanafanya kazi kama chuo.

Kampuni ya mawe haikuwa ya chuo. Jumatatu iliyofuata, saa moja kamili, si saa moja na nusu, gari likaingia na wafanyakazi kumi na fundi mkuu wao, mama mpana wa mabega, nyundo ndogo imening'inia kiunoni. Hakuuliza kikao. Akachukua ramani kutoka kwa binti, akaitazama, akasema, "Haya." Wakaanza kung'oa safu ya saba kwa pande zote mbili kwa pamoja, jiwe linafuata jiwe, kila moja wanalilaza kwenye ubao kwa namba yake. Kufikia mchana safu tatu hazikuwepo. Palibaki udongo mweusi, umelowa, kama fizi baada ya jino.

Profesa Fagio alikuwa safu ya juu, ameketi na fagio magotini kama mtu aliyekuja kuhani msiba akakuta amefiwa yeye. Chini, mkurugenzi na yule mama wakaja kusimama katikati ya jukwaa, na maneno yao yakapanda moja kwa moja.

"Bomba la maji ya mvua limepasuka huku chini, labda miaka kumi," fundi mkuu akasema. "Udongo unaliwa. Mngengoja mvua mbili zaidi, safu hizi zingekaa jukwaani."

"Na mawe?"

"Tukitandaza bomba, yanarudi. Wiki mbili. Lakini yanarudi kila moja pale pale lilipotoka. Walioyachonga haya hawakutumia saruji, jiwe limeshikwa na jirani yake. Ukilihamisha, duara linakataa, na ukilazimisha utalazimika kukata. Mimi jiwe la namna hii sikati. Nikikata, hamtaliita la kihistoria tena, mtaliita kifusi."

"Namba si zipo?"

"Namba zipo," mama akasema. "Ndiyo maana naongea kwa raha."

Mzee akahisi jasho linamtiririka kwenye uti wa mgongo, ule ambao mkurugenzi aliuulizia.

Kwanza akakataa kuamini. Labda wanajua kuwa anasikia, akawaza, wanasema hivyo kumvunga. Alilishikilia wazo hilo siku mbili. Siku ya tatu bomba likaletwa, jipya, refu, na akalizunguka akiligonga kwa mpini kuona kama ni bomba kweli. Lilikuwa bomba. Akatafuta ujanja mwingine, akaukosa, akabaki anafagia mahali alipokwisha kufagia. Kusema kungemtoa kazini, na zimebaki miaka miwili. Kutokusema kungeliua Bakuli kwa mkono wake mwenyewe, ule ule uliolifagia. Wiki mbili zikapita kati ya mambo hayo mawili.

Siku ya kurudisha mawe ikafika. Jiwe la kwanza la safu ya tano likakaa, hilo mzee hakuwa amelibadilishia namba. La pili likakaa. La tatu likanyanyua pua. Fundi mkuu akaligonga kwa nyundo, akasikiliza, akaamuru litolewe. Wakajaribu la nne, likaacha mwanya wa kupitisha mkono. Kufikia saa nne asubuhi mawe tisa yalikuwa yamelazwa kwenye majani kama wagonjwa wanaongoja daktari.

"Binti, njoo," fundi mkuu akaita. "Namba hizi uliandika mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Ulipima urefu wa kila jiwe?"

"Niliomba siku kumi nipime. Nikapewa siku nne, nikaambiwa namba zinatosha." Binti hakumtazama mkurugenzi, na kwa kutomtazama kila mtu akamtazama.

"Picha?" mama akauliza.

Picha zilikuwepo. Zilipigwa na ofisi, na katika kila moja mkurugenzi alikuwa amesimama mbele ya mawe akitabasamu.

"Suala si siku," mkurugenzi akasema, akiuvuta mfundo wa tai. "Suala ni umakini. Namba zimechanganywa kwenye safu zote tatu, na aliyeziandika ni mmoja. Binti, kusanya vitu vyako. Nitawaandikia waliokuleta wamlete mtu anayejua kuhesabu."

Binti akaitazama ramani yake, kisha mawe, kisha tena ramani. "Saba hii ni yangu," akasema polepole. "Lakini sikuiweka hapa."

"Mwandiko ni wako?"

"Wangu. Au wa mtu anayenijua sana."

Hapo kila mtu akaanza kumshuku mwenzake. Wafanyakazi wakawashuku wanafunzi, wanafunzi waliokuwa wakipita wakaushuku utawala, na mkurugenzi akawashuku wote isipokuwa yeye. Profesa Fagio, ambaye ndiye angepaswa kushukiwa na kila mtu, hakuna aliyemtazama. Nguzo ya taa haishukiwi.

Akajaribu njia ya mkato. Akasogea na fagio lake, akaligusa jiwe moja kwa mpini. "Hili si la hapa. Hili hukaa pale, la tatu kutoka kwa lile lenye ufa."

Fundi mkuu akamtazama juu mpaka chini. Akawaashiria watu wake. Jiwe likanyanyuliwa, likapelekwa, likashuka na kukaa kwa sauti nzito, fupi, kama mlango mzuri unapofungwa.

"Lingine," mama akasema.

Mzee akaonyesha lingine, na lingine. Matano yakakaa bila kugongwa. Uso wa mkurugenzi ukachanua. "Mnaona? Huyu mzee ni hazina ya chuo. Tutamwandikia barua ya pongezi. Mzee wetu, utasimamia mpaka mwisho." Akageuka. "Na wewe binti bado uko hapa?"

Binti alikuwa anaikunja ramani. Aliikunja vibaya, akaifungua, akaikunja tena.

Kilemba cha ukoka kilikuwa kimekwisha kuvishwa kichwani, kilichobaki ni kutembea nacho. Profesa Fagio angeweza. Mawe yangerudi, miaka miwili ingepita, na barua ya pongezi ingetundikwa juu ya cherehani. Lakini fundi mkuu alikuwa bado anamtazama, na macho yake hayakuwa ya pongezi.

"Mzee wangu," akasema kwa upole, "jiwe lile la kwanza ulilisemea kabla sijalijaribu. Ulijuaje kuwa limepotea?"

Mzee akategemea fagio. Kichwani yalimjia majibu matatu mazuri, yote ya uongo. Akamwona binti akihangaika na kamba ya ubao wake.

"Nimelipoteza mimi," akasema. "Namba zote nimezihamisha mimi. Huyu aliandika sawasawa."

Hakuna aliyecheka. Mkurugenzi akauliza, kwa sauti ya chini, kwa nini mtu mzima afanye jambo kama hilo.

"Nilijua mnabomoa."

"Lakini tangazo liliandikwa ukarabati."

"Ndiyo," mzee akasema. "Na bwalo pia."

Mkurugenzi akageuka, akaenda ofisini. Barua ya pongezi hakuiandika. Kabla ya saa sita barua nyingine ikawa imechapwa, imepigwa mhuri mbichi: amesimamishwa kazi kuanzia siku hiyo, arudishe fagio na ndoo, asionekane eneo la chuo mpaka kamati ikae.

Fundi mkuu akaichukua barua ile mkononi mwa mkurugenzi, akaisoma, akamrudishia. "Basi na sisi tunapakia."

"Mnapakia nini?"

"Vyombo vyetu. Mawe mia na kitu yamechanganyika, na kichwa kinachoyajua mmekifukuza. Mnipe hicho kichwa, au mnipe ruhusa ya kukata, kwa maandishi, na sahihi yako."

Hiyo sahihi mkurugenzi hakuipenda. Ndiyo maana siku iliyofuata mzee aliingia kwa geti akiwa na kibandiko kifuani kilichoandikwa MGENI, kinachoisha saa kumi jioni, na mlinzi aliyemjua kwa miaka kumi na mmoja akamwuliza anakuja kumwona nani.

Nyumbani alikuwa amesema yote. Mkewe alisikiliza bila kusimamisha cherehani. "Kumbe ni chaki," akasema mwisho. Akafikiri kidogo. "Na shati la Alhamisi?"

"Chaki pia."

"Tutaona," mkewe akasema, na shati lile hakulifua.

Siku nne walifanya kazi, mzee akitaja, wafanyakazi wakibeba, binti akiandika upya. Binti hakuwa mtu wa kuchekacheka tena. Kila jiwe mzee alilolitaja, alimfanya alitaje mara mbili, mara ya pili baada ya kumgeuza kwanza ayape mawe mgongo. Na mzee, katika kutajataja huko, akajikuta anasema Mgonjwa, anasema Mapacha, na hakuna aliyecheka kwa sababu kila alipotaja, jiwe lilikaa.

Yakabaki mawili safu ya saba, na nafasi mbili. Mawe yale yalikuwa sawa, hayana ufa wala alama, ya aina ambayo fagio hupita juu yake bila kusema kitu.

"Lipi linaanza?" binti akauliza.

Profesa Fagio akayatazama. Akainama, akapapasa moja kwa kiganja, kisha la pili. "Sijui."

Fundi mkuu akainua uso. "Hujui?"

"Haya siyajui. Kweli kabisa."

Wanawake wale wawili wakatazamana juu ya kichwa chake, mtazamo ambao yeye mwenyewe alikuwa akiwatazama nao watu kwa miaka ishirini na minane. Wakajaribu hili kushoto, likakaa. Wakalitoa, wakajaribu lile, nalo likakaa vile vile.

"Sasa mzee," binti akasema, "hujui, au kuna jambo?"

"Hakuna jambo, binti yangu."

Binti akaandika namba zote mbili kwa penseli badala ya kalamu, na pembeni akaweka alama ya kuuliza. Mzee akaiona. Akataka kulalamika, akakumbuka ule mkia wa saba aliouiga, akaacha.